Jina litakuja la nani? Tumeipima lipa namba kama kinga ya sadaka

"Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Gari la mabati ya kanisa limezuiwa mzani wa Makambako, inahitajika 85,000 ya haraka. Tuma kwa namba hii, jina litakuja la fundi."

Meseji ya aina hii ikiingia kwenye kundi la WhatsApp la kwaya au la jumuiya, kutoka namba ya mchungaji mwenyewe, ikiwa na picha yake ileile ya siku zote, watu wanatuma. Hawatumi kwa sababu ni wajinga. Ujenzi upo kweli, mabati yanasubiriwa kweli, na muumini wa Uyole au Kihesa aliyelelewa kumheshimu mtumishi wa Mungu anaona aibu kumhoji kwa elfu themanini na tano.

Sumu yote iko kwenye yale maneno ya mwisho: jina litakuja la fundi. Ukituma fedha kwa simu hapa Tanzania, jina la mpokeaji huonekana kabla hujaweka namba ya siri. Hapo ndipo mtu angeshtuka na kuacha. Tapeli analijua hilo, kwa hiyo anakutayarisha mapema ili jina geni likitokea uliitikie mwenyewe: ndiyo, fundi huyo. Ndiyo maana tunaipima lipa namba, yaani namba maalumu ya kupokelea malipo ya simu, kwa swali moja tu: je, inalirudishia lile jina uzito wake?

Jibu letu ni ndiyo, ila kwa sharti. Namba iwe imesajiliwa kwa jina la kanisa, na waumini wawe wamezoeshwa kwamba sadaka, ahadi, fungu la kumi na michango ya ujenzi haviendi kwa jina lingine lolote. Likija la fundi, la mhazini, la mama mchungaji, hapana. Kanisa lenye kanuni hiyo moja limemnyang'anya tapeli sentensi yake bora.

Kuipata namba yenyewe si kazi ngumu, ingawa inachosha. Kampuni za simu zinatoa, na benki nazo zinatoa. Sisi tunapendekeza ya benki kwa kanisa lenye akaunti, kwa sababu fedha inaingia moja kwa moja kwenye akaunti yenye sahihi za watu wawili au watatu, wala hailali kwenye simu ya mtu. Andaa nakala ya cheti cha usajili wa kanisa kutoka kwa Msajili wa Jumuiya, namba ya mlipakodi, muhtasari wa kikao cha baraza au kamati kilichoamua, na vitambulisho vya taifa (NIDA) vya watia sahihi. Usharika au parokia isiyo na cheti chake hutumia cha dayosisi au jimbo, pamoja na barua ya utambulisho. Barua hiyo ndiyo inayochelewesha, kwa hiyo anza nayo.

Sasa, mahali makanisa mengi yanapoharibu. Wakala anafika ofisini, anaona makaratasi ni mengi, anasema: "Mzee, tuisajili kwa NIDA ya mhazini, dakika kumi imekwisha." Ikikubaliwa hivyo, mmepata lipa namba yenye jina la mtu, nayo haina kinga yoyote. Mbaya zaidi, mmewafundisha waumini kwamba jina la mtu binafsi ni la kawaida kwenye sadaka. Mkatalieni kwa upole na mfuate makaratasi.

Kosa la pili ni dogo ila linaumiza. Jina huandikwa na anayesajili, naye hulifupisha anavyotaka. Kabla ya kutangaza chochote, wazee wa kanisa wawili wakae na simu za Vodacom, Airtel, Yas na Halotel, kila moja itume shilingi 500, na jina linalotokea liandikwe herufi kwa herufi. Kama kwenye mtandao mmoja linatokea kifupisho kisichoeleweka, rudisheni likarekebishwe. Likishanyooka, herufi zilezile ndizo zisomwe kwenye matangazo ya Jumapili: "Namba ni hii, na jina litakalotokea ni hili." Namba bila jina ni nusu ya tangazo. Msitegemee tangazo la kundini peke yake, maana kundi ndilo linalotekwa.

Kwa mtoaji hatua ni chache. Fungua menyu (*150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa), chagua kulipa, siyo kutuma pesa, weka namba, weka kiasi, kisha simama. Soma jina lote hadi mwisho. Bibi wa Tukuyu anayesomewa simu na mjukuu amwambie mjukuu alisome kwa sauti. Namba ya siri inafuata baada ya hapo.

Makato yapo na hubadilika, kwa hiyo mhazini aangalie jedwali la mtandao husika na awaambie watu ukweli. Kwa sadaka ndogo ndogo za shilingi 500 na 1,000, sanduku bado ni bora. Lipa namba inafaa zaidi kwa ahadi za ujenzi, michango ya watoto wa kanisa walioko Dar, na sadaka ya mavuno msimu wa mahindi, fedha inapokuwa mikononi na matapeli nao wako macho.

Kwa mhazini, faida kubwa ni taarifa ya miamala. Inamkinga na utapeli wa upande wa pili: mtu anatuma meseji iliyopangwa kama ya muamala, "Umepokea Tsh 200,000", kisha anapiga akilia kwamba alikuwa anatuma ada ya mtoto, amekosea, arudishiwe. Mwangalie mtumaji wa hiyo meseji: ya kweli huja kwa jina la huduma, ya uongo huja kutoka namba ya kawaida ya tarakimu kumi. Hata hivyo usiishie hapo, fungua salio. Na hata kama fedha imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako. Aliyekosea apige 100 kwa mtandao wake, muamala urudishwe na mfumo.

Lipa namba haizuii kutekwa kwa WhatsApp ya mchungaji, na hapo ndipo mambo huanzia. Tapeli anaisajili namba ya mchungaji kwenye simu yake, WhatsApp inatuma tarakimu sita kwa mchungaji, kisha anapiga mtu mwenye sauti ya heshima: "Shikamoo baba, nimekutumia namba za kuingilia maombi ya usiku, hebu nisomee." Akisoma tu, akaunti imekwenda. Dawa yake ni ya dakika mbili: Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili, weka tarakimu sita zako mwenyewe na barua pepe. Viongozi wote wa makundi wafanye hivyo, si mchungaji peke yake. Ikishatekwa, jisajili upya kwa namba ileile mara moja, tapeli atatolewa. Kama amewahi kuweka hatua mbili zake, utasubiri siku 7, na siku hizo zote tangazo litolewe kwa mdomo, nyumba kwa nyumba kupitia wazee wa mitaa. Ukiambiwa upige *21* ikifuatiwa na namba ya mtu, usipige: unaelekeza simu zako kwake. Aliyekwisha kupiga afute kwa ##002#.

Kuna ndugu wanaoshauri kumpima anayejiita mchungaji kwa salamu ya nyumbani, "Ugonile" au "Kamwene", usikie ataitikaje. Hatutegemei jaribio hilo. Tapeli naye ana kwao, na huenda ni jirani. Mpigie kwa namba uliyo nayo tangu zamani, usikie sauti yake.

Pia jina linalotokea si lazima liwe la tapeli mwenyewe. Msajili laini wa barabarani akikwambia "kidole hakijasoma, weka tena", kidole cha pili kinaweza kusajili laini usiyoijua, na laini hiyo ikaja kuombea fedha waumini wenzako kwa jina lako. Piga *106#, fuata menyu, uone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako, na urudie kwa kila mtandao unaoutumia. Ukikuta ngeni, nenda na kitambulisho duka la kampuni, si kwa wakala wa mwavuli, ifutwe.

Namba ya 15040, ya kuripoti utapeli, nayo tumeipima. Sambaza meseji ya kitapeli kwenda huko, ukiulizwa andika namba iliyoituma. Ni bure, na inafaa kwa kuwakinga wengine. Lakini hairudishi hela. Aliyekwisha kutuma apige 100 kwanza, dakika hiyohiyo, maana fedha huweza kuzuiwa ikiwa bado haijatolewa, kisha aende polisi akachukue RB, yaani namba ya taarifa yake. Wengi huanza kwa kulalamika kundini, na tapeli anakuwa ameshafika kwa wakala.

Upungufu mkubwa wa lipa namba tuuseme wazi. Inathibitisha fedha imekwenda kwa nani, haithibitishi kama huyo nani ni mwaminifu. Mtu mwenye makaratasi anaweza kupata namba yenye jina zuri la kihuduma na kukaa Facebook na picha ya mhubiri maarufu akiomba "mbegu". DECI, mpango wa upatu uliofungwa na serikali mwaka 2009, ulichukua fedha za watu kwa lugha ileile ya kupanda na kuvuna, na miongoni mwa viongozi wake walikuwamo wachungaji. Kwa hiyo jina la huduma usiyoijua lisikutoshe. Jina linalotosha ni lile ulilosomewa madhabahuni na mtu unayeweza kumkuta Jumatatu ofisini.

Kwa kanisa lenye akaunti ya benki na mhazini anayetoa taarifa kila mwezi, tunaipa 8 kati ya 10. Kwa kanisa linalotaka kuisajili kwa NIDA ya mtu, ni bora wabaki na sanduku.

Jambo la mwisho ni la matunzo. Karatasi yenye namba ibandikwe ndani ya kanisa, si nje getini ambako mtu anaweza kubandika yake juu usiku, na mzee wa zamu aikague kabla ya ibada. Mhazini akibadilika, watia sahihi benki wabadilishwe wiki hiyohiyo. Kama namba inaendeshwa kwa laini ya simu, laini hiyo ikabidhiwe mezani pamoja na funguo za sanduku la sadaka, na namba ya siri ibadilishwe kabla kikao hakijafungwa.