L'Air du Temps: manukato aliyoyataja Hannibal Lecter

Filamu ikifika bafuni au chumbani, mimi huisimamisha nisome chupa zilizopangwa nyuma ya mwigizaji. Ila manukato haya ya L'Air du Temps, ya nyumba ya mitindo ya Nina Ricci, hayaonyeshwi katika The Silence of the Lambs (1991), yananuswa tu. Lecter, muuaji aliyefungwa, anavuta hewa kupitia matundu ya kioo cha seli yake, anataja krimu ya ngozi ya Evyan, kisha anamwambia Clarice, mwanafunzi wa FBI aliyekuja kumhoji, kwamba L'Air du Temps huyapaka siku nyingine, si leo.

Nimeyanunua kwa sababu hiyo tu. Ni ya mwaka 1948. Kizibo cha njiwa wawili kimenifanya niiache chupa mezani (najua, mwanga si rafiki wa manukato).

Yakigusa ngozi huanza na maua yenye ukali wa karafuu, halafu yanatulia na kuwa poda, kama shati lililotoka kwenye pasi sasa hivi. Ni harufu ya mtu nadhifu asiyependa kujionyesha, na yanamfaa kabisa mwanafunzi yule wa FBI. Anayetaka manukato yamtangulie mlangoni atafute mengine. Mimi huyapulizia kwenye skafu, maana kitambaa huyatunza kuliko ngozi.