Bwawa likija: kuchimba chapchap au kubadili mradi?

Ujenzi ukitishia mabaki ya kale, wanaakiolojia wayachimbe haraka kuyaokoa au mradi wenyewe ubadilishwe? Mabishano haya hayaishi, cheki Iran. Bwawa la Sivand lilijazwa maji 2007 kwenye bonde la Tang-e Bolaghi, jirani na kaburi la Koreshi, mfalme wa kale wa Uajemi, kule Pasargadae, na kabla ya hapo timu za Iran na za nje zilichimba mbiombio zikakuta mpaka matanuri ya vyungu ya kale. Kwa gharama njia hii inashinda, mkulima anapata maji, ila kilichozama ndo basi tena.

Mji wa Isfahan, hukohuko Iran, wakabadili mradi, mnara wa Jahan Nama (jengo la biashara) ukapunguzwa ghorofa za juu maana uliharibu mandhari ya uwanja wa kihistoria wa Naqsh-e Jahan na UNESCO ilikomaa. Hasara kwa mjenzi kweli (angeuliza mapema jamani), uwanja umepona.

Kama kwako ni vigae tu vya vyungu, chimba uhamishe. Kama ni kaburi la mawe, sogeza mradi.