Tulimpeleka mdogo, miwani akavaa dada yake

Safari yenyewe ya kliniki ya macho ilikuwa ya mdogo, wa miezi 6. Bibi yake alishikilia kwamba ana makengeza. Daktari wa macho ya watoto akammulika kwa kitochi, akanionyesha nukta ya mwanga ilivyotua katikati ya mboni, kulia na kushoto sawasawa. "Macho yamenyooka, mama. Pua bado bapa hapa juu, ngozi inafunika weupe wa upande wa ndani." Akachungulia na kile kifaa chao kutafuta mng'ao mwekundu ndani ya mboni. Ukiwa mweupe, alisema, mtoto haachwi hivihivi, kwani huenda ni mtoto wa jicho au hata saratani.

"Na huyu dada, ameshapimwa?"

Ana miaka 4. Kliniki ya chanjo walimpima uzito kila mara, macho hawakuwahi kuyagusa. Kumbe mtoto hahitaji kujua kusoma. Anaonyeshwa picha za nyumba, tufaha, duara na mraba kwa mbali, zikizidi kuwa ndogo. Duara aliliita chapati na daktari akakubali, mradi asibadilishe jina. Kwa jicho la kulia alitiririka tu. Walipolifunika hilo ili apimwe la kushoto, akaanza kukwepesha kichwa, kung'oa kifuniko, machozi. Baba yake akacheka: "Deko hilo." Daktari hakucheka.

Wakamtia matone ya kupanua mboni. Yanawasha, na ni kusubiri nusu saa na ushee. Hapa ndipo walaumiwe: hatukuambiwa tubebe kofia, benchi la kusubiria linapigwa na jua mchana kutwa, na matone yalitozwa pembeni, nje ya bei tuliyotajiwa simuni. Ukungu wa kuona karibu ulimkaa mpaka kesho yake, kwa hiyo wenu msimpeleke siku ya kuamkia shule.

Jicho la kushoto likakutwa na plasi kubwa (namba kubwa ya miwani, ya jicho lisiloona vizuri, hasa karibu), na ubongo ulishazoea kulitegemea la kulia. Ndiyo maana hakuwahi kulalamika, wala sisi hatukuona kitu. Anatunga shanga bila shida. Kaanza na miwani. Isipotosha, la kulia litazibwa kwa saa kadhaa kila siku ili la kushoto lifanye kazi, na kwa umri huu bado linafundishika vizuri kuliko akishafika darasa la pili au la tatu.

Uvumilivu wa daktari yule kwa watoto sijauona kwingine. Nawapa nyota nne, ya tano wakiweka turubai kwenye lile benchi.