Chumbe: nendeni mkaone pono anavyokula

Jamani kama uko Unguja na unataka kuona matumbawe yaliyo hai kweli, nenda kisiwa cha Chumbe, mi nawapa nyota 5. Ni hifadhi tangu 1994, upande wa magharibi hakuna kuvua wala kuzamia na mitungi, unaelea tu na miwani yako, na walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi wa huku huku kwahiyo mwongozaji wetu kila samaki anamtaja kwa jina la kwetu.

Aliyenishika zaidi ni pono. Ukitulia majini unamsikia kabisa akikwangua mwani kwenye mawe, kra kra kra, meno yameshikana kama mdomo wa kasuku, mara anaachia nyuma wingu la mchanga mweupe, ndo huo tunaoukanyagaga ufukweni! Mwongozaji akasema wapo pono ambao usiku wanajifunika utando wa ute wakalala humo, eti usingizi wa pono, kumbe mwenyewe ana na shuka.

Na ile kazi yake ya kukwangua ni kubwa, maana mwani ukizidi unayafunika matumbawe yanakosa mwanga. Matumbawe ni wanyama wadogo wadogo, ndani ya miili yao wanaishi mwani usioonekana kwa macho unaowapikia chakula kwa jua la mchana, usiku wanatoa vikono wanadaka vijidudu vinavyopita. Bahari ikipata joto sana wanautema ule mwani wanabaki weupe, kama ilivyotokea 1998.

Ndo maana zile boti zinazomwaga mkate majini ili samaki wajae kwenye picha zinaniuma sana, nilishapanda moja sehemu nyingine, na nanga wakaitupa juu ya matumbawe hivi hivi. Pono akishiba mkate huo mwani atakwangua nani? Chumbe hamna huo mchezo, hugusi, husimami, na tukamwona chewa kaachama mdomo, kasamaki ka bluu kenye mstari mweusi kanaingia kumsafisha na yeye katulia tuli.

Bei iko juu sifichi, ila hela ya wageni ndo inawapeleka watoto wa shule kule bure. Vibanda vya kulala ni 7 tu, wa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo ulizieni nafasi mapema, na vaeni tisheti ya mikono mirefu msijipake mafuta ya jua.