Sindano kavu za shingo kwa kipandauso: nimechomwa mara 5, nawapa yangu

Mi ni fundi cherehani, niko Lindi mjini, na kipandauso ninacho toka niko sekondari, kwa hiyo mtu akiniambia "si uchovu tu huo" namwangalia namwacha. Changu kinaanza na vimulimuli, naona kama mstari wa zigzagi unawaka pembeni ya jicho, hata kutunga uzi siwezi, nikikaa nusu saa hivi vimulimuli vinaondoka afu kichwa kinaingia, mara nyingi upande wa kulia, kinagonga kama mtu anatwanga, mwanga sitaki, harufu ya vitunguu sitaki, natapika mpaka nyongo. Na ile miezi watu wanapulizia salfa kwenye mikorosho ndo usiseme, nikienda kwa mama kule Mingoyo narudi nimejifunga kanga kichwani.

Sa msimu wa sare za shule, Januari, unajua ilivyo, nainama toka asubuhi mpaka saa nne usiku, nikaanza kuona shingo inakaza kwanza ndo kichwa kinafuata. Mteja wangu mmoja akaniambia kuna mtu wa fizio, yaani tiba ya viungo na misuli, Mtwara anachoma sindano kavu shingoni. Nikajua ni zile za Kichina, au hijama imebadilishwa jina. Kumbe hapana. Wanaita kavu kwa sababu haina dawa ndani, ni sindano tupu, na hawafuati ile mistari ya nguvu za mwili ya Wachina, wanatafuta fundo kwenye msuli wanalichoma hilohilo.

Niseme ukweli, kabla ya huyo nilijaribu kwa jirani zaidi, sehemu sitaitaja. Nimelipa elfu 10 ya kadi, nimelala, naona jamaa anatoa sindano kwenye kisahani cha spiriti, hazina pakiti hazina nini. Namuuliza hizi mpya? Ananijibu "zimesafishwa mama, ondoa wasiwasi". Nikavaa viatu. Hata hiyo elfu 10 sikuidai. Jamani sindano inayoingia mwilini itoke kwenye pakiti yake mbele ya macho yako na ikitoka itupwe, kuichovya kwenye spiriti ya kisahani hakutoshi kukukinga na homa ya ini.

Mtwara nikaenda na kosta ya saa mbili, nikakaa dirishani upande wa mlangoni, jua lote langu mpaka Mikindani, nafika kichwa kishaanza kunung'unika. Yule kijana wa fizio hakunichoma mpaka tumeongea karibu saa nzima. Una mimba? Unatumia dawa ya kuyeyusha damu? Umekula? Ushawahi kuzimia ukichomwa? Afu akaanza kunibonyeza. Alipofika kwenye ule msuli wa bega unaopanda shingoni akabana kifundo, maumivu yakapanda juu ya sikio yakaishia nyuma ya jicho, palepale kipandauso kinapokaa. Nikapiga kelele "hapohapo dokta!"

Akanieleza hivi, nami nawaeleza nilivyoelewa: neva zinazotoka juu ya shingo na ile neva kubwa ya uso zinapeleka taarifa zao sehemu moja chini ya ubongo, kwa hiyo ubongo unachanganya, shingo inalia we unasikia jicho. Ila akanipa na upande wa pili ambao wengi hawausemi, kwamba shingo kukaza inaweza ikawa ni kipandauso chenyewe kimeshaanza, sio shingo iliyokileta. Kwa hiyo mtu asikuuzie kwamba ukitoa vifundo ugonjwa umekwisha. Kipandauso ni cha ubongo, mara nyingi unarithi, mama yangu anacho na bibi alikuwa nacho. Hii ya sindano tupu wala sio ya jana, kuna daktari wa Chekoslovakia, Karel Lewit, mwaka 1979 aliandika kwamba kumbe maumivu ya misuli yanatulia kwa sindano yenyewe hata usipoweka dawa. Kwa kipandauso hasa lakini, kijana aliniambia wazi ushahidi bado mwembamba, tujaribu mara chache tukiona hamna kitu tuache. Nikampenda kwa hilo.

Kuchomwa sasa. Mi nashinda na sindano ila zile ni nyembamba kuliko sindano yoyote ya cherehani niliyonayo, hata namba 9 ya kushonea shifoni. Kwenye ngozi husikii kitu. Ndani ndo kazi ilipo, ikigusa fundo msuli unaruka wenyewe kama samaki kwenye ndoana, afu panauma uzito fulani hivi mpana, sio ukali. Kule begani aliubana msuli akaunyanyua kwa vidole ndo akachoma, nikamuuliza mbona hivyo, akasema chini ya hapo kuna pafu, sindano ikienda vibaya inaweza kulitoboa. Akaniambia nikisikia kifua kinachoma au pumzi inakata, hata kama ni kesho yake, niende hospitali nisisubiri. Halikunipata. Kilichonipata ni shingo kuuma siku mbili kama nimebeba gunia la korosho, na alama ya bluu kidogo chini ya kisogo.

Sasa hapa ndo patamu. Siku ya kwanza alinipa kazi ya nyumbani, niandike kwenye kalenda kila siku ninayomeza dawa ya maumivu. Nikaona utoto. Mwezi umeisha nahesabu, siku 19! Panadol leo, diklofenaki kesho, nilikuwa naona kawaida tu. Kumbe dawa hizi za kawaida ukizimeza siku 15 na kuendelea kila mwezi, ukaenda hivyo zaidi ya miezi mitatu, zenyewe zinaweza kuanza kukuletea kichwa. Yule kijana akakataa kuendelea kunichoma mpaka nionane na daktari. Daktari akapima presha, akauliza kama natumia vidonge vya majira, maana mwenye kipandauso cha vimulimuli vile vya estrojeni havimfai, vinaongeza hatari ya kiharusi. Akanipa amitriptilini ya usiku na kuniambia nipunguze hizo nyingine. Wiki ya kwanza nililia, kichwa kilikuja kwa hasira zote, na mdomo mkavu kama nimekula mchanga, asubuhi siamki. Wiki ya tatu kukatulia.

Kwa hiyo mkiniuliza sindano zimefanya kazi? Nilikuwa napata mara 6 au 7 kwa mwezi, sasa ni 3, na shingo nageuza mpaka nyuma kwenye bajaji. Ila nimechomwa, nimeacha kumeza ovyo, naenda na dawa ya usiku, na meza ya cherehani nimeinyanyua kwa matofali mawili, sasa kipi kimefanya nini siwezi kuwadanganya. Shingo nadhani ni sindano, maana nafuu naisikia siku ya tatu baada ya kuchomwa na ikifika wiki tatu inaanza kukaza tena. Kichwa nadhani ni kalenda zaidi. Elfu 25 kwa mara moja na nauli juu sio hela ndogo kwa fundi, kama ningekuwa na ya kimoja tu ningeanza kwa daktari.

Na vimulimuli bado vinakuja, hivyo sindano haikuvigusa kabisa.

Jumamosi naenda ya 6. Anayetaka kwenda toka Lindi, kosta kaeni upande wa dereva kwenda na kurudi, asubuhi na jioni jua lote linapiga mlangoni.