Tandiko la kukamatia ng'ombe: zito, lakini linaifaa kazi

Tandiko hili la mtindo wa Texas, kazi ya fundi wa ngozi anayewahudumia wafanyakazi wa ranchi, limekusudiwa jambo moja mahususi: kumtupia ng'ombe kamba akiwa mbioni na kumzuia bila kumwumiza farasi. Kiunzi chake ni cha mbao zilizofunikwa ngozi mbichi, na pembe ya mbele, yaani kishikio kilichochomoza mbele ya kiti, imevishwa mpira mzito, ili kamba inapozungushwa hapo isiteleze ng'ombe anapovuta. Kwa hilo sina neno. Mkanda wa tumboni wa nyuma, unaozuia tandiko lisiinuke wakati wa mvuto huo, nao umeshonwa kwa uangalifu, ingawa ni lazima uunganishwe na ule wa mbele, usije ukarudi hadi kwenye kinena cha farasi naye akaanza kurusha mateke.

Kipimo cha kweli, hata hivyo, ni mgongo wa farasi. Nilipolivua baada ya kazi ya asubuhi, jasho lilikuwa limeenea sawasawa pande zote mbili, bila doa kavu katikati ya manyoya yaliyolowa, ambalo aghalabu huonyesha kwamba mbao zinabana. Kati ya tandiko na mabega ya farasi palikuwa na nafasi ya vidole viwili hata nilipokuwa nimeketi.

Kasoro iko kwenye kanda za vikuku, vile vya kukanyagia miguu: ngozi yake ni ngumu, na hadi ilainike kwa mafuta humsokota mpandaji magoti. Isitoshe, karibu kilo 20 si mzigo wa kuinuliwa kila alfajiri na mtu mfupi. Anayezunguka tu kukagua nyua atafute jepesi zaidi.