Feni haizunguki, wao wananijazia gesi

"Gesi imeisha hiyo, dada. Kaa pale kivulini."

Ndiyo uchunguzi wote AC ya gari langu iliyofanyiwa. Boneti haijafunguliwa, geji za kupimia presha bado zimo kwenye boksi, fundi mkuu ameweka kiganja mbele ya tundu la dashibodi kwa sekunde tatu na hukumu imeshatoka. Gereji siitaji jina. Ipo hapa hapa Dar, ina bango kubwa la AC, na makopo ya gesi yamepangwa mbele kama duka la soda.

Dalili nilishamweleza, na ilikuwa inajieleza yenyewe: gari likiwa mwendoni AC inapiga baridi mpaka unapunguza, ukikwama kwenye foleni ya Buguruni dakika tano, inapuliza joto. Foleni ikiachia, baridi inarudi.

Ni kweli, gesi ikipungua kidogo nayo huanza kujionyesha gari likiwa sailensa, yaani limesimama injini inaunguruma, kwa hiyo sikatai kwamba gesi ilikuwa ya kuangaliwa. Lakini tofauti ya baridi kali na joto kabisa, inayofuata mwendo wa gari namna ile, kitu cha kwanza ni upepo wa kondensa. Kondensa ndiyo inayotoa nje joto lililobebwa na gesi. Barabarani upepo wa mwendo unaifanyia kazi. Kwenye foleni inabaki feni peke yake, na feni ikigoma joto halina pa kwenda. Kuthibitisha hakuhitaji hata spana: washa injini, washa AC, fungua boneti, angalia kama feni inazunguka. Nusu dakika. Fundi mwenye bango kubwa hakuwa na nusu dakika.

Nikang'ang'ania afunge geji. Akafunga huku anasonya. Injini ikiwa imezimwa, mishale yote miwili ikasimama karibu na psi 95 (psi ni kipimo cha presha). Kwa joto la nyuzi 30 hivi, hiyo ndiyo presha ya R134a, gesi ya AC yangu, ikiwa imetulia. Namba hiyo haikwambii gesi ni kiasi gani, maana mfumo wenye nusu na mfumo uliojaa husoma sawa kwenye joto lile lile. Ila inakwambia jambo moja bila ubishi: gesi haijaisha. Mwenzangu akaisoma, akaenda kuchukua kopo.

Kopo lilikuwa la gramu 340. Karatasi iliyobandikwa chini ya boneti yangu inasema mfumo mzima unachukua gramu 450. Mzima! Mizani hakuna, anapima kwa kupapasa bomba. Akamimina karibu lote juu ya gesi iliyokuwemo, feni imelala.

Sasa tazama mshale mwekundu. Kwa joto la Dar, upande wa presha kubwa ukikaa psi 200 hadi 250 sina neno, na ule wa bluu, wa presha ndogo, ukiwa kati ya 30 na 45 tunaelewana. Mwekundu ukapita 300, ukapita 350, yeye yuko kwenye simu. Ukapita 400. Halafu klachi ya kompresa, pampu inayosukuma gesi, ikaachia: ta! Hiyo ni swichi ya presha, kwenye Toyota nyingi hukata karibu na psi 450 ili mfumo usipasuke. Baada ya muda ikashika tena, ikaachia tena. Akainua kichwa, akasema, "Kompresa imechoka, dada. Andaa laki tatu na nusu."

Hapo ndipo nilipopandisha. Kompresa iliyochoka husoma kinyume kabisa: bluu inapanda, mwekundu unashuka, mishale inakaribiana kama watu wanaoteta. Kompresa inayosukuma mpaka psi 400 haijachoka, inateswa. Nikamwambia hivyo. Akanijibu kwamba kama najua sana nifungue gereji yangu.

Aliyeniokoa ni kijana wake, msaidizi, ambaye hata kiti hana. Hakusema kitu. Alichota maji kwenye ndoo kwa jagi, akamwagia kondensa kwa mbele taratibu. Mshale ukateremka hapo hapo, mpaka 220 na kitu, na ndani baridi ikarudi. Kipimo cha bure hicho, kila mtu akijue: ukimwagia kondensa maji na AC ikapona ghafla, shida ni kondensa kushindwa kutoa joto. Ama feni, ama kondensa imezibwa na vumbi na wadudu, ama gesi imezidi. Kwangu yalikuwepo mawili, moja nimekuja nalo, la pili nimeuziwa.

Na alivyoifuata ile feni, mpangilio wake ulikuwa mzuri. Kwanza fyuzi: nzima. Pili relei, swichi inayoipelekea feni umeme: akaibadilisha na ya honi, iliyo ya aina moja, hakuna badiliko. Tatu akachomoa plagi ya feni AC ikiwa imewashwa, akagusa na taa ya kupimia: umeme unafika na ethi ipo. Akairudisha, akagonga mgongo wa mota kwa mpini wa bisibisi, mara mbili, polepole. Feni ikazunguka. Ikigongwa ndipo iamke, kaboni zinazoingiza umeme kwenye rota zimeisha. Akaifungua: moja ilikuwa imebaki kama punje ya mchele, springi haifikii tena kuisukuma. Akatia kaboni mpya kwa lehemu, akasafisha shaba ya rota kwa msasa laini, akapiga brashi mifereji yake. Kaboni ni vitu vya elfu chache. Elfu chache dhidi ya laki tatu na nusu!

Kisha bosi akarudi kuharibu. Gesi iliyozidi ilitakiwa itolewe kwa mashine na kurudishwa kwenye mtungi. Yeye akaifungulia yote hewani, pssss, kwa kasi, mpaka kitambaa alichozibia kikalowa oili. Kilo moja ya R134a hewani hupasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za kaboni dayoksaidi kwa miaka 100, ndiyo maana mataifa yalikwenda Kigali mwaka 2016 kukubaliana kupunguza gesi za aina hii. Lakini hata kama dunia haikuhusu, ile oili ndiyo inayolainisha kompresa, na ikitoka bila kupimwa unarudisha kwa kukisia. Kijana akaongeza PAG kidogo, ndiyo oili yenyewe ya kompresa. Nimekubali kwa shingo upande.

Vakyumu, kunyonya kilichobaki kwenye mfumo kwa pampu kabla ya kujaza, alitaka dakika kumi. Nikasimama pale mpaka zikafika 35. Sikuwa mbishi wa bure: pampu haitoi hewa tu, inashusha presha mpaka unyevu uliomo uchemke na kutoka ukiwa mvuke. Ukiubakiza, unaganda kwenye valvu ya kupanulia gesi, AC inapooza, inakata, inapooza tena. Baada ya pampu funga valvu za geji usubiri robo saa. Mshale ukipanda, mwenye gari usikubali kujaziwa, pana uvujaji. Wangu haukupanda.

Mizani kijana aliazima duka la jirani, la kupimia unga. Gramu 450, wala hakuzidisha. Matokeo, gari sailensa, juani: bluu 38, mwekundu 215, kipimajoto tunduni nyuzi 9. Kwa mchana wa Dar siombi zaidi.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilikuja na moja. Kwa kazi ya kijana nikapandisha mpaka nne, maana wengi wangenibadilishia feni nzima. Nilikuwa tayari kabisa kuwaambia nendeni, mumkwepe bosi, mmuulize yule wa jagi. Halafu ikaja bili: feni, sawa, vakyumu na gesi, sawa, na lile kopo la kwanza limo, bei kamili. "Gesi ikishaingia ni yako, dada." Imeingia, imetoka hewani mbele ya macho yangu, na bado ni yangu.

Nililipa. Nimefika nyumbani, nafungua boneti, kofia ya nipo, mdomo wa kujazia gesi, upande wa presha ndogo, haipo. Si pambo ile, inazuia mchanga na ndiyo kizuizi cha pili valvu ikianza kupumua. Nyota mbili, na kesho asubuhi naifuata kofia yangu.